Wifi Ameota Magurudumu

Shambani, 9 Machi

Wifi yangu Mwalimu,

Usiniulize habari za huku, nakupa bila kuulizwa. Baridi ni ya kung'oa meno, ng'ombe ni wakaidi kuliko mashemeji, na mtandao wa simu unapatikana juu ya tangi la maji peke yake. Ile siku niliyokupigia, upepo ulininyang'anya kitambaa cha kichwa ukakitupa kwenye hori, na kabla sijashuka ngazi ng'ombe alikuwa amekitafuna nusu. Basi tuandikiane tu. Dereva wa lori la maziwa ni mwaminifu. Barua zangu huzichomeka ndani ya kofia yake, akiivua pale kiwandani mjini anakumbuka kukuletea.

Leo nimezalisha mtamba. Ndama alikuwa amegeuka, anataka kuingia duniani kinyumenyume kama mwanafunzi wako kwenye mtihani wa rivasi. Mkono wangu ulizama mpaka begani. Mkamuaji aliyekuwa ameshika kamba akaniambia, "Daktari, pumzika kidogo." Nikamjibu, "Mwambie huyu mama apumzike kwanza." Ndama katoka mzima, jike, na sasa anatembea akiyumba kama mlevi anayetafuta funguo.

Sasa letu. Likizo yangu ni Agosti, na mbio za mji ni Agosti. Safari hii ile fupi siitaki, nataka nusu marathoni, mimi na wewe bega kwa bega, tumevaa fulana zenye picha ya kaka. Tangu tumzike hatujakosa hata mwaka mmoja. Nakumbuka wewe ndiye uliyeanza. Nyumba imejaa watu wa kutufariji, hakuna pa kukaa wala pa kulia, ukanishika mkono ukasema, "Wifi, vaa raba tutoke kabla sijamfukuza mtu." Tukakimbia na nguo za msiba mwilini, watu wakidhani tumefukuzwa sisi.

Mimi huku nakimbia kila asubuhi kuzunguka malisho. Wewe umefika wapi? Niambie ukweli, usinipambie.

Wifi yako,
Daktari wa Ng'ombe

*

Mjini, 21 Machi

Daktari wangu,

Hongera ya ndama. Mpe jina langu, maana siku hizi na mimi naenda kinyumenyume.

Mama hajambo. Anakusalimu na anasema uvae soksi. Tangu astaafu kazi ya kuunganisha simu za watu hana wa kuzungumza naye ila mimi na redio, na redio haimjibu.

Kazini nimepata mwanafunzi mpya, mwanasheria, mtu mzima mwenye sauti nzito. Kila nikimwambia akanyage klachi anauliza kwa nini. Juzi tulipokaribia mzunguko wa barabara aliachia usukani akafumba macho. Nikamshikia, tukapita salama, nikamwambia, "Mheshimiwa, humu ndani ya gari hakuna rufaa." Alicheka mpaka akazima injini katikati ya njia.

Mazoezi yanaendelea. Natoka asubuhi kama kawaida, narudi jasho linanitiririka, mapafu safi, moyo safi. Umbali nimeongeza sana, ungeshangaa ninapofika siku hizi. Mpaka kule kwenye mnara wa redio na kurudi kabla ya chai! Kinachonisumbua ni upepo tu. Na makalio. Lakini hayo tutazungumza ukija.

Wifi yako,
Mwalimu

*

Nyumbani, 17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, ingawa hujanisalimu.

Nakuandikia kwa jambo moja. Wifi yako ana baiskeli. Anaiweka stoo nyuma ya godoro la wageni, ameifunika shuka, kana kwamba mimi siwezi kuona kitu chenye pembe mbili chini ya shuka. Asubuhi anavaa raba, ananiaga, "Mama, naenda kukimbia." Nikichungulia dirishani namwona anakimbia kweli, ila juu ya magurudumu.

Hilo peke yake si neno. Jumamosi nilikuwa natoka sokoni, nikamwona kwenye ule mwinuko wa hospitali. Amevaa suruali ya kubana ambayo mimi ningeiita soksi ndefu. Na nyuma yake mwanamume, naye juu ya baiskeli, amemwekea kiganja mgongoni anamsukuma. Wanacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu siku za marehemu.

Sijamuuliza. Mimi ni mama mkwe. Nikiuliza nachunguza, nikinyamaza nimepitwa. Wewe ni wifi, utani ni haki yako. Muulize, lakini muulize vizuri. Yule ni mtoto wangu vilevile.

Na uvae soksi.

Mama yako

*

Shambani, 26 Aprili

Mwalimu,

Nasikia wifi yangu ameota magurudumu.

Kumbe hayo makalio yanayokuuma si ya kukimbia! Nilijiuliza siku ile, mkimbiaji gani huyu anayelalamikia makalio? Nimesoma barua ya Mama nikiwa jikoni, nikairudia, chai yetu ikapoa.

Haya, nani huyo wa kukusukuma mgongo? Usiniambie ni upepo. Wifi, nisikilize. Wewe ni mjane, hujazikwa. Ukipata mtu wa kukuchekesha, mimi nitakuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Lakini niambie wewe! Nisisikie kwa Mama, ambaye naye kasikia kwa macho yake. Mimi na wewe tumekimbia pamoja mvua ikinyesha, tumetapika pamoja pale kwenye daraja, leo unanipitishia maneno ya kona kona?

Fulana nimekwisha kuagiza, yako na yangu. Kama nusu marathoni nitakimbia peke yangu nijue sasa, nipunguze moja.

Daktari (wifi yako bado, nadhani)

*

Mjini, 8 Mei

Wifi,

Kaa chini. Kama umeshakaa, shusha pumzi.

Huyo mwanamume ni mfamasia wa lile duka linalotazamana na shule yetu ya udereva. Ana mke, na mkewe ndiye kiongozi wa kikundi chetu cha baiskeli. Huwa yuko mbele sana, ndiyo maana Mama hakumwona. Sisi wengine tunamfuata kama vifaranga. Kazi ya mumewe ni kuwasukuma wanaobaki nyuma, na siku hiyo aliyebaki nyuma ni mimi. Tulicheka kwa sababu nilimwambia asukume taratibu, nisije nikamtangulia mkewe ukawa ugomvi wa nyumba. Hadithi ya mwanamume imeishia hapo. Pole sana wewe, na pole kwa Mama.

Ninachokuficha ni kingine. Goti langu la kulia limekwisha.

Lilianza kunong'ona Desemba, Januari likapiga kelele. Daktari wa mifupa alinionyesha picha, ule mto laini unaokaa kati ya mfupa na mfupa umesagika kama soli ya kiatu cha tarishi. Nikamuuliza, "Nikipumzika je?" Akasema, "Pumzika, usipumzike, kukimbia kumekwisha. Tembea, ogelea, au panda baiskeli." Alisema kama mtu anayenishauri nibadilishe sabuni. Nilitoka nje nikakaa kwenye gari la shule, bango la L juu ya kichwa changu, nikalia kama mwanafunzi aliyefelishwa.

Kwa nini sikukuambia? Uwifi wetu ulikuwa umefungwa na kaka yako. Alipoondoka tukaufunga upya kwa kamba za raba. Sasa mimi nisipokimbia ni nani kwako? Mwanamke aliyeachwa na marehemu, anakaa kwa mama yako. Nikaona bora nikudanganye mpaka Agosti, labda goti litaona haya lipone.

Baiskeli aliniazima mke wa mfamasia, ni yake ya zamani. Mara ya mwisho kupanda nilikuwa mtoto, nikipitisha mguu chini ya bomba la baiskeli ya baba kwa sababu kiti sikifikii. Nilijiambia, mapafu ninayo, miguu ninayo, kuna nini tena? Daktari, siku ya kwanza mapaja yaliwaka kama yamepakwa pilipili, na pumzi hata haijabadilika! Mapafu yanauliza, "Tunaanza lini?" Mapaja yanajibu, "Tumeshamaliza." Na mimi kwa ujuaji wangu nakanyaga gia nzito, nikiamini asiyeumia hajafanya mazoezi. Mke wa mfamasia akaja ubavuni mwangu. "Mwalimu, mwanafunzi wako akipanda mlima na gia ya nne unamwambiaje?" Nikaweka gia nyepesi, miguu ikazunguka haraka haraka kama cherehani, na goti likanyamaza. Kiti pia nilikuwa nimekishusha ili nikanyage chini nikiogopa. Akakipandisha. Nikaogopa zaidi, lakini maumivu yakaondoka.

Na barabara, wifi! Miaka yote nawafundisha watu kuipita baiskeli, "punguza mwendo, acha nafasi, pita." Sasa najua nafasi tunayoacha haimtoshi hata kuku. Wanafunzi wangu siku hizi wanapita baiskeli kwa adabu kama wanapita msiba. Mwanasheria akauliza kwa nini. Nikamwambia, "Kwa sababu anayeendesha huenda ni mimi."

Nimekosa kukuficha. Fulana usipunguze, nitaivaa hata nikiwa nimesimama kando ya njia.

Mwalimu

*

Shambani, 19 Mei

Wifi yangu,

Nilikaa kama ulivyoniamuru. Nikacheka, halafu nikafika pale kwenye gari la shule nikalia.

Pole kwa goti. Ng'ombe mwenye goti kama lako huku tunamkatia tiketi ya bucha. Mshukuru Mungu daktari wako ni wa watu. Na hilo la mimi ni nani kwako, sitaki kulisoma tena. Uwifi hauna goti, hauwezi kusagika.

Kuhusu Agosti, nasikitika, likizo imefutwa. Wameleta ng'ombe wapya, na wote wana matatizo. Msinisubiri. Huku tunaendelea vizuri, jioni tunawasha moto, tunakula viazi, tunalala mapema. Msalimie Mama.

Lori linataka kuondoka.

Daktari

*

Mjini, 20 Juni

Daktari,

Barua yako niliimaliza nimesimama mlangoni, ufunguo bado uko kwenye kitasa. Wewe uliyenieleza ndama mmoja kwa nusu ukurasa, likizo kufutwa unaieleza kwa mistari miwili?

Kazi yangu mimi ni kukaa kando ya mtu anayesema, "Naona vizuri, Mwalimu," huku kioo amekigeuzia usoni kwake. Anayeficha kitu namjua kwa namna anavyoshika usukani. Machi uliandika nakimbia. Aprili chai yetu imepoa, Mei tunawasha moto, tunakula viazi. Wewe na nani? Ng'ombe hawali viazi vya kuchemsha.

Siulizi. Nasema tu kwamba nimeona.

Huku habari ni za magurudumu. Kupanda nimekuzoea, kushuka ndiko kulikonipa tabu. Mkimbiaji akiona mteremko anapumua, mwenye baiskeli anaomba toba. Wiki iliyopita nilibana breki ya mbele kwenye kona yenye kokoto, nikajikuta nimelala kwenye nyasi natazama mawingu. Kiwiko kimechubuka, hakuna zaidi. Nikarudi juu ya kilima nikaishuka kona ile ile tena, taratibu, macho yakitazama ninakokwenda badala ya ninakoogopa. Mwanasheria nilimweleza hilo, na tangu siku hiyo mzunguko wa barabara anaupita macho wazi. Amefaulu mtihani, amekuja ofisini na keki.

Nikuambie lingine, nisikufiche tena. Asubuhi nikiwapita wakimbiaji najisikia kama mtu aliyehama mtaa. Nawapungia mkono, wananipungia kama mgeni. Inauma. Halafu barabara inainama kidogo, upepo unanijaa masikioni, nafika mahali ambapo miguu yangu haikuwahi kunifikisha hata nilipokuwa mzima. Hapo sijilaumu kuhama.

Andika ukiwa tayari.

Mwalimu

*

Shambani, 10 Julai

Wifi yangu,

Barua hii nimeianza mara nyingi, nikachana. Na hii nisipompa dereva sasa hivi nitaichana.

Likizo haikufutwa. Niliiahirisha mwenyewe. Na viazi sili peke yangu.

Kuna fundi wa mashine za kukamulia. Alikuja kutengeneza pampu. Pampu ikapona, yeye akawa kila siku ana sababu ya kurudi kuitazama. Ni mrefu, mpole, hajui kuimba na anaimba mchana kutwa. Ng'ombe wamemzoea, nami nimemzoea. Anataka tuoane. Na mimi nataka, wifi. Nimeandika, sifuti.

Si hilo tu. Shamba limenipa kazi ya kudumu nami nimekubali. Nilipoondoka nilikuahidi mwaka mmoja, kisha nirudi tukae watatu, mimi, wewe na Mama. Wewe ndiye uliyemuuguza kaka yangu, ukamzika, ukabaki na mama yangu nyumbani. Halafu mimi niko huku mlimani nafurahi? Kila nikishika kalamu nakuona umeinama unafunga kamba za raba peke yako, kalamu inanitoka.

Na bado nilikuwa na ujasiri wa kukushambulia kwa mfamasia wa watu, mume wa mtu! Nyani haoni kundule. Mwenyewe nikikumbuka barua ile natamani nijifiche zizini.

Ukikasirika, una haki. Lakini usinyamaze. Nitukane, ila uandike.

Daktari

*

Nyumbani, 12 Julai

Mwanangu,

Barua uliyoituma haikuwa yangu, nami nimeifungua. Miaka yangu yote niliunganisha simu za watu bila kusikiliza hata moja, Mungu ni shahidi. Hii ni mara yangu ya kwanza kusikiliza, na nimeona faida yake.

Mwenye barua hayupo. Ameondoka jana asubuhi kwa baiskeli, anakuja kwako. Alikuwa akimhoji dereva wa lori juu ya barabara kwa wiki kadhaa, lami inaishia wapi, mlima unaanzia wapi, maji yako wapi. Mimi nilimwambia apande lori kama maziwa. Akanijibu, "Mama, Daktari ana jambo, na jambo hilo haliingii kwenye bahasha. Nataka nimwone machoni." Aliniapisha nisikuambie. Kiapo nimekitunza mpaka alipoondoka, ndivyo nilivyokielewa mimi. Mke wa mfamasia amemsindikiza nusu ya njia, wamelala nyumba ya wageni. Kuanzia leo asubuhi yuko peke yake.

Sasa huyo fundi wako. Mimi si gunia la kupokezana. Nyumba ni yangu, miguu ni yangu, masikio yangu mazima. Mkwe wangu anakaa hapa kwa sababu tunapatana. Siku tusipopatana mlango uko wazi, na sasa ana baiskeli. Hatukukuweka rehani kwetu, na hakuna anayekusubiri uje ukomboe kitu. Ila usiolewe kwa kujificha kama mwizi wa kuku. Mlete nimwone. Kama anaimba vibaya, atakula ndani na kuimbia nje.

Kaka yako alikupenda sana. Angekuuliza swali moja tu, "Anakuchekesha?" Mjibu yeye moyoni mwako, nami utanijibu ukija.

Dereva yuko mlangoni, injini inanguruma. Toka ukampokee mwenzako.

Mama yako

*

Shambani, 13 Julai

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Nimefika. Nianzie hapo ili moyo wako utulie. Nimefika mzima, goti limevimba kidogo kama andazi, na mwanao amelipapasa kwa mikono ile ile anayowapapasia ng'ombe akasema nitaishi.

Lami iliisha mchana, kwenye kijiji cha chini, kama dereva alivyosema. Baada ya hapo ni mlima wa kokoto. Niliweka gia nyepesi kabisa, nikatafuta nyingine nyepesi zaidi, haikuwepo. Mahali pengine nilishuka nikaisukuma baiskeli, sikuona aibu. Kuna mwanamke alikuwa anapalilia kando ya njia, akaniuliza, "Mama, hiyo inakubeba au unaibeba?" Nikamwambia, "Tunapokezana."

Nikiwa katikati ya mlima nikasikia mngurumo nyuma. Lori la maziwa. Dereva akasimama, akatoa kichwa na kofia yake dirishani. "Mwalimu, panda! Baiskeli tunaitupa nyuma." Mama, nilitamani. Miguu yote miwili ilisema ndiyo. Lakini nilikuwa nimetoka mbali mno kuja kushushwa getini kama kopo tupu. Nikamwambia atangulie. Akaniachia vumbi lote la dunia. Sikujua kwamba ndani ya kofia ile mlikuwa na barua yako.

Baadaye, palipobaki kona chache kufika, nikaona mtu anashuka mlima anakimbia. Nikajua ni yeye kabla sijaona uso, ule mkono wake wa kushoto unaorushwa nje kama anafukuza nzi. Ana koti jeupe la kazi na mabuti ya mpira. Nyuma yake kuna mwanamume mrefu, naye kwenye mabuti, anakimbia vibaya kuliko binadamu yeyote niliyewahi kumwona, ameshika chupa ya chai mkononi.

Daktari akanifikia. Sikuweza kusimama vizuri, nikamwangukia na baiskeli juu yetu sote wawili. Tukabaki hapo kwenye kokoto.

"Umekuja," akasema.

"Ulisema niambie wewe, nisisikie kwa Mama. Nimekuja kusimulia mwenyewe."

"Barua yangu hukuipata. Mama ndiye aliyeifungua."

"Ilisemaje?"

Akamgeukia yule mrefu, aliyekuwa amesimama kando anahema, hajui atie chai au akimbie arudi. "Ilisema hivi," akasema.

Mama, nilimtazama yule kijana. Yeye akanipa mkono, akaurudisha, akaupangusa kwenye suruali, akaunyosha tena. Akasema, "Shikamoo, wifi." Nikamwambia, "Wifi ni wa huyu. Wewe niite Mwalimu mpaka ufaulu." Akaitikia, "Ndiyo, Mwalimu," kwa hofu ya kweli kabisa, na mwanao akacheka mpaka machozi. Hapo hapo nikampitisha, ila sijamwambia.

Nilipoachwa peke yangu na Daktari jikoni, yeye akimenya viazi, aliniuliza bila kuinua macho, "Hukasiriki?"

"Nilikasirika. Nilijua kuna mtu tangu Mei, na nilikuwa nimeandaa hotuba nzima. Lakini hasira ni nzito kupanda nayo mlima. Niliiacha kule lami ilipoishia."

"Nilikuahidi nitarudi."

"Nami nilikuahidi kukimbia."

Akaweka kisu chini. Ndipo akaanza kulia, si kwa sauti, ile ya mabega tu. Akasema kila alipofurahi huku alijiona kama anamwibia kaka yake. Mama, hapo nilisema jambo ambalo hata mimi sikujua kama nalijua. Nilimwambia kwamba marehemu mume wangu sikumwona tena nikikimbia, ingawa kwa miaka yote hiyo nilidhani yuko mbele kidogo na nikiongeza mwendo nitamfikia. Kwenye baiskeli simtafuti. Nakaa tu, nakanyaga, na mara nyingine namkumbuka nacheka. "Basi na wewe kaa ufurahi," nikamwambia. "Yeye hakuwa mtu wa kupenda kufukuzwa."

Tukala viazi. Fundi akaimba akiosha vyombo. Mama, umwandalie nafasi nje.

Leo asubuhi tulikwenda wote kwenye malisho, Daktari akakimbia mzunguko wake, mimi nikaketi juu ya uzio nikimpigia kelele anyanyue magoti. Anakimbia vizuri. Hewa ya huku imempa pumzi nyingi kuliko zangu za zamani. Likizo aliyoiahirisha ataiomba tena, Agosti atakuja kukimbia nusu marathoni peke yake, na fundi atakuja kuonwa na wewe. Tumekubaliana pia kwamba harusi itakuwa huku juu. Sijui jinsi gani utafika, lakini dereva wa lori ameshasema kiti cha mbele ni chako, na utasafiri bila maziwa.

Mwanao alinishika bega akasema nisirudi na baiskeli. Mlima ni mkali, kokoto zimelegea, nipande lori nistarehe. Naye anajua jinsi nilivyokuwa nikiogopa miteremko. Nimekagua breki zote mbili, nimekaza kila kinachokazwa, nimepandisha kiti mahali pake. Nikamjibu kwamba mlima huu nimeupanda mwenyewe, na mteremko wake siwezi kumwachia dereva wa maziwa.

Naanza kushuka kesho asubuhi.

Mkwe wako, mtoto wako,
Mwalimu